Kioo cha Mtu Mmoja

Benedikta alikuwa mwandishi wa barua za watu, na taipureta yake ilikaa barazani kwa Mzee Karmali, Ngamiani. Adui yake alikuwa mmoja tu: benchi la kahawa lililokuwa ubavuni mwake. Mama akija kuandikiwa mashitaka ya mumewe, wazee wa benchi walishachungulia na kupata habari zote kabla karatasi haijatoka kwenye mashine, na kufika adhuhuri zilishafika mtaa wa Mabawa. Wateja wakaanza kumkimbia. Wakiisha hao, Benedikta angerudi kwao Muheza kumenya machungwa stendi, na hilo hakulitaka hata kulisikia.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa, na vitu vya Dubai vilikuwa vinaingia Tanga kama mvua ya masika. Mzee Karmali akaleta kompyuta mbili za kukunja, na Benedikta alikuwa na akiba ya moja.

Ya kwanza ilimtoa Karmali povu kwa sifa. Kioo chake kimelala kwa upana, nukta elfu moja na ishirini na nne kwa mia nne na themanini, rangi zinawaka, ukisimama popote unaona. Benedikta akaijaribu. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, na kwa ufupi wa kioo barua ilionekana kutoka kwenye anwani mpaka "Yah", ikaishia hapo. Wazee wakavuta benchi hatua mbili, wakasoma vizuri kabisa, wakamsahihisha na neno moja.

Ya pili Karmali aliitoa kwa haya. Kioo kama mraba, nukta mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini, rangi zimefifia, herufi kama kunde. Tena, akasema kwa uaminifu wake, ukikaa mbele yake sawasawa unaona, ukisogea upande ni giza tupu.

Benedikta akamwomba arudie hapo kwenye giza. Kisha akaenda mwenyewe kukaa benchini, katikati ya wazee, akachungulia. Hakuona kitu. Akainama, akajinyoosha, akafumba jicho moja. Giza. Akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Nipe hii," alisema.

Karmali alidhani jua limempanda kichwani. Akamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Benedikta akajibu kwamba kizuri kile kinajiuza kwa watu wote. Ikawa biashara ya kinyume, muuzaji anaiponda mali yake na mnunuzi anaitetea, mpaka Karmali akachoka akaifunga kwenye gazeti pamoja na printa yake.

Benedikta akakaa mgongo ukutani, kompyuta mbele yake, na benchi likaingia msibani. Wazee walisogea, walisimama, mmoja alijidai ameangusha ufunguo. Wapi.

Ndipo akaja Bi Mwanasiti, mjane muuza vitumbua. Fundi baiskeli Uweso alikuwa amempelekea barua ya posa, na barua ya posa hujibiwa kwa barua. Mji mzima ulingoja jibu, na Uweso mwenyewe, bingwa wa kusoma barua za wenzake, alikuwa kwenye kona ya benchi, shingo imerefuka mpaka unaihurumia.

Bi Mwanasiti alinong'ona, Benedikta akaandika, moyo ukimwenda mbio kwa furaha asiyoruhusiwa kuionyesha. Uweso akainama. Akainama zaidi. Akaanguka chini na kikombe chake.

"Usiichape kwanza," alisema Bi Mwanasiti. "Mwite akae kwenye kiti chako asome, asije akatuvunjikia."

Uweso akaketi mbele ya kioo. Hakuhitaji hata miwani. Alisoma midomo ikimtembea, akafika mwisho, akarudi juu akasoma tena. Machozi yakamtiririka na wala hakuyafuta. Benchi zima likainuka na kuuliza bibi kasemaje.

Uweso akakifunika kioo kwa viganja viwili.

"Barua ya mtu haichunguliwi," alisema. "Kanyweni kahawa."

Wahenga hawakukosea: mchawi mpe mwana alee. Kesho yake Benedikta alikuta wanawake watatu wanamngoja barazani. Benchi lilikuwa limegeuzwa kuelekea barabarani, na Uweso amelikalia katikati, anamkataza kila anayegeuza shingo.