Mjomba wa Kunyonya

Nnaapa kwa macho yangu yote mawili, na lile la kulia lililofanyiwa operesheni pia: haya nnayoyaandika ni kweli tupu, sikuongeza wala sikupunguza. Anayetaka kubisha akamuulize dada yangu Khole, anayenijua tangu sina meno.

Mimi ni Nasr, fundi viyoyozi mstaafu. Nnaishi na beberu mmoja, Mudiri, nnayemnenepesha kwa Iddi. Nimempa jina hilo, yaani meneja, kwa kuwa anatafuna karatasi kama bosi wangu wa zamani. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilikifungua kiyoyozi pale mtaa wa Ghala, nikakitazama mpaka kikaona haya, kikanieleza siri zake zote. Kwa kazi hiyo nimeingia kila pahala pa msiba Maskati hii. Kwa Wabaluchi nimekunywa chai ya maziwa nikiwa juu ya ngazi. Kwa Wahindi nimefunga feni huku wafiwa wenyewe, na nguo zao nyeupe, wakinishikia tochi. Kwa Wafilipino niliwahi kupandisha baridi hata machozi yakaganda mashavuni, watu wakayaokota kama sukari mawe. Muulize yeyote aliyekuwepo, ingawa wote wameshahama.

Lakini sabla ya mtaa wetu wa Wadi Kabir ndiyo yangu. Ni ukumbi wa kukalia harusi na matanga, tuliojenga wenyewe, sisi Waomani tuliorudi kutoka bara, Afrika Mashariki. Na kila palipokuwa na matanga, jikoni alikuwa Winifrida, Mhaya wa Bukoba, akiosha vikombe vya kahawa. Kazi yake ilikuwa nyumba za watu, lakini kwetu alikuja akiitwa na hata asipoitwa. Alijua nani anapenda tangawizi na nani inamkwaruza koo.

Winifrida akafariki ghafla kwa moyo. Jeneza likawa linangoja ndege ya Ijumaa limpeleke kwao. Wenzake walitaka pa kumlilia kabla hajaondoka, na hawakuwa napo. Wanalala vyumba vya waajiri wao, ambamo hata redio hufunguliwa kwa ruhusa. Rafiki yake, Theodora, akaja kwangu na Kasiani, fundi magari wa Ghala, Mhaya mwenzao.

"Shikamoo mzee. Tunaomba sabla. Siku moja tu, baba."

Tukaenda kwa Musallam, msimamizi mwenye funguo, kijana wa ofisi za wizara kule Al Khuwair, kanzu yake haina hata mkunjo.

"Ami Nasr," akasema, "mimi sina ubaya nao. Lakini sabla ni ya jamaa. Mtu awe na nasaba. Nikimfungulia huyu, kesho vibarua wa Wadi Kabir wote watakuwa mlangoni."

"Kwani wote wanakufa kesho?"

"Ami, usinichezee. Huyu ana udugu gani na sisi?"

Theodora akamtazama usoni. "Ameosha vikombe vya msiba wa mama yako, kaka. Siku ile hukumuuliza udugu."

Musallam akawa anazichezesha funguo. Nikaona anatafuta hapana yenye adabu, na ulimi wangu ukamtangulia.

"Winifrida ni mpwa wangu," nikasema. "Mama yake na mimi tumenyonya ziwa moja. Duka letu Bukoba lilipakana na nyumba yao. Bibi yake Winifrida aliugua, mama yangu akamchukua mtoto wake, akatupakata, mimi kulia, yeye kushoto. Nnakumbuka kabisa, alikuwa ananipiga mateke."

Kwetu udugu wa kunyonya si mchezo. Uliyenyonya naye humuoi, na mwanawe akifa msiba ni wako. Musallam akatoa funguo.

Nikasahau jambo moja: mtaa wetu haumwachi mfiwa peke yake. Alasiri wenzake Winifrida wakajaa upande wa wanawake, wakaimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini, kisha si ya chini tena. Upande wa wanaume nilidhani tutakaa mimi na Kasiani tu. Wakaingia wazee wa mtaa, wakafuata watu wa wizara na vilemba vyao, kila mmoja akinishika mkono.

"Pole, Nasr. Mpwa ni mtoto."

Nikalia. Nililia vizuri, hata Kasiani akanipa kitambaa chake chenye girisi. Mzee mmoja akaninong'oneza kwamba nyimbo zinasikika barabarani.

"Zisikike," nikamwambia. "Mfiwa ni mimi."

Ndipo alipofika Khole. Alianzia kwa wanawake, akaelezwa na Theodora udugu wenyewe, akatoka mpaka mlango wa kati na bakora yake.

"Nasr. Nani kanyonya na wewe?"

"Dada, leo tuna msiba."

"Mama hakuwa na maziwa. Hakuninyonyesha mimi, hakukunyonyesha wewe, seuze mtoto wa jirani. We umekulia maziwa ya mbuzi, na aliyekuwa akimkamua ni mimi."

Mtu akapaliwa na kahawa. Musallam akasimama.

"Ami, umenidanganya mchana kweupe."

"Nimekudanganya. Na ukifunga mlango huu nitakudanganya tena kesho. Wewe ulikuwa hujazaliwa siku tuliyomzika baba. Tumetoka bara juzi, Kiarabu chetu kinachechemea. Tukaenda kuomba sabla, tukaambiwa ina wenyewe. Matanga ya baba yangu tuliyakalia kando ya njia, juu ya mikeka, malori yakitutilia vumbi kwenye kahawa. Tukasema siku tutakayojenga yetu, haitomuuliza maiti nasaba."

Nyimbo zilikuwa zimenyamaza. Musallam akamgeukia Khole.

"Na hili, Bibi?"

Hapo nikaogopa hasa, maana akikana na hili, wanawake wale wanatoka. Khole akaegemea bakora yake, hana haraka.

"Maziwa uwongo," akasema. "Mikeka kweli. Mmoja nnao mpaka leo, una alama ya tairi."

Musallam akakaa. Funguo akazitia mfukoni.

"Basi wakae mpaka wainuke wenyewe. Lakini wewe, Ami Nasr, si mfiwa, na pole zetu umezila. Utazilipa. Una beberu nyumbani."

"Huyo ni wa Iddi."

"Huyo ni ndugu yako wa kunyonya," akasema Khole. "Kamlete."

Ndani, Theodora akaanzisha wimbo upya, kwa sauti ya kufika sokoni.

Nikamleta Mudiri mwenyewe, kwa kamba, naye njiani akinitafuna mkono wa kanzu. Wakapika pilau, wakala watu wa ukumbini na wa barabarani. Jua lilipopungua nikawa nnatafuta viatu vyangu polepole. Theodora akanikuta mlangoni na beseni.

"Mzee, na hivi vikombe? Aliyekuwa akiviosha tunamlilia."

Nikakunja mikono ya kanzu, ule mzima na ule uliotafunwa. Niliviosha kwenye bomba la uwani, mbele ya watu wa wizara, na Khole akiwa kitini pembeni yangu, akinirudishia kila chenye alama ya kahawa.