Tuliosema Sawa

Kila mfanyakazi mpya anapoingia kiwanda kile cha sabuni, siku ya kwanza hukalishwa kwenye benchi na kusomewa habari ya ajali ya boila. Karatasi ni ileile, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Inasema fundi wa boila alining'iniza kipande cha chuma kwenye valvu ya usalama bila kumwambia mtu, boila likapasuka, akafa. Sababu ya ajali: uzembe wa marehemu. Msomaji akimaliza huinua kidole na kusema, "Msiwe kama huyu."

Mwaka jana kwenye benchi lile alikaa binti wa fundi yule. Alikuwa ameajiriwa chumba cha kufungia sabuni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda akafunga sabuni mpaka saa ya kutoka, kisha akaja kwangu aproni ikiwa bado kiunoni.

"Mzee Kengele," alisema, "watu wanasema hakuna unachosahau."

Jina hilo nilipewa kiwandani, kwa kuwa nikianza kupiga kelele sinyamazi mpaka mtu atoke nje kusikiliza. Shule niliachia darasa la nne. Sheria za kazi nilijisomea mwenyewe, kwa kamusi ya kuazima na hasira yangu mwenyewe. Nakumbuka siku waliyotufungia mlango wa choo. Nakumbuka nani aliuza mgomo wetu kwa soda moja, na hiyo soda haikuwa hata ya baridi.

"Baba yako hakuning'iniza chuma kwa kichwa chake," nilimwambia. "Kaa nikueleze."

Msimamizi wetu tulimwita Mzee Saa, maana alihesabu dakika za mtu aliyekwenda haja. Mzee Saa hakuwahi kutoa amri hata moja. Yeye aliuliza tu, kwa sauti ya upole kama anaongea na mkwewe. "Mnaonaje, vijana, leo tukila huku tunafanya kazi?" Nasi: "Sawa, mzee." "Mnaonaje, tukiunganisha zamu?" "Sawa, mzee." Likiharibika jambo, hakuna aliyeamuru. Mliona wenyewe.

Mtu asidhani tulikuwa wajinga. Tulilelewa hivyo. Kwetu mtoto hufundishwa maneno mawili kabla hajajua kufunga kamba za viatu: sawa, na samahani. Mkubwa akikuuliza unaonaje, hataki macho yako, anataka shingo yako. Siitukani heshima. Heshima ndiyo ilitulea. Ila nimeona watu wakiikamua kama ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe akiitikia.

Siku ile kulikuwa na agizo kubwa la sabuni. Boila lilikuwa la zamani, presha ikipanda kidogo valvu inafunguka, mvuke unatoka ukipiga mluzi, na masufuria makubwa ya mafuta na magadi yanachelewa kuchemka. Mzee Saa akaingia chumba cha boila, akautazama mkono wa valvu. "Mnaonaje tukiongeza uzito kidogo pale, huu mluzi upungue?"

"Nani walikuwepo?" binti akaniuliza.

"Mzee Saa. Baba yako. Mchochea kuni, naye ameshatangulia. Na kaka yangu, aliyekuwa msaidizi wa baba yako. Mimi nilikuwa chumba cha kukatia."

"Basi amebaki kaka yako."

"Kaka yangu," nilisema, "amezaliwa akiitikia."

Na hivyo ndivyo nilivyoamini. Mimi na Kaka ni tumbo moja, mkeka mmoja, fimbo moja. Lakini mama alikuwa akisema huyu wa kwanza hata kulia alilia kwa kuomba ruhusa, na huyu wa pili alitoka akidai. Nimesikia wasomi wakibishana kama mtu ni damu au ni malezi. Mimi nilikwisha kata shauri zamani: Kaka ni mwoga, mimi si mwoga, na tutazikwa hivyo.

Majuma machache baadaye tulimkuta Kaka barazani kwake akiziba jiko la mafuta lililotoboka. Tangu aondoke kiwandani ndiyo kazi yake. Binti alimwamkia, akamweleza kuwa ofisi ya kazi imekubali kuifungua tena ile taarifa, akipatikana shahidi mmoja tu aliyekuwepo. Kaka aliweka chini chuma cha kuchomelea. Akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Unamwona?" nikamgeukia binti. "Nilikuambia. Hata hapa Mzee Saa hayupo, bado anatafuta mtu wa kumwambia sawa!"

"Shemeji," mke wa Kaka alisema kutoka mlangoni, "ukipiga kelele jiko halizibiki haraka zaidi."

"Ishirini na mbili, Kaka! Miaka ishirini na miwili mtu anatukanwa kaburini, na wewe umekaa na ulimi wako umekunjwa kama shuka!"

Kaka alinitazama. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayecheza ukingoni mwa kisima.

"Mdogo wangu, una hakika unataka niende?"

"Swali gani hilo?"

"Nakuuliza tu."

"Mimi ndiye niliyemleta huyu mtoto hapa!"

Akamgeukia binti. "Nitakwenda, mwanangu. Nilipaswa kwenda zamani. Nisamehe."

Chumba cha ofisi ya kazi kilikuwa kidogo, na meza moja, viti sita, na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Afisa alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye mwandiko mzuri na subira. Mzee Saa alikuwa ameletwa na mwanawe. Amezeeka vibaya, miguu imevimba, lakini alipoketi alitazama saa ya ukutani kwanza.

Kaka alimwinamia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto?"

Nilikaribia kupasuka. Afisa akaniambia nikitaka kubaki ninyamaze, mimi si shahidi.

Kaka alieleza. Alieleza bila haraka na bila kupamba, mambo ya mluzi, ya agizo kubwa, ya kipande cha chuma kilichookotwa nje karibu na mlango. Alisema Mzee Saa ndiye aliyeuliza. Alisema na yeye alijibu sawa, na mchochea kuni alijibu sawa. Alisema baada ya hapo yeye alitumwa maji, na alipokuwa bombani ndipo boila lilipopasuka.

Afisa akamgeukia Mzee Saa. "Unasemaje, mzee?"

"Mimi niliuliza tu." Sauti ilikuwa ileile, ya upole. "Sikumlazimisha mtu. Wangekataa, ningefanya nini? Walikuwa watu wazima."

"Mmoja alikataa, mzee," Kaka akasema.

Binti wa fundi akainua kichwa.

"Fundi alikataa. Huyu baba yake. Sisi tulimwita Taratibu, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na hakuwahi kugombana na mtu. Siku hiyo alisema, 'Siyo sawa, mzee. Hii valvu haipigi mluzi bure.' Alisema mara mbili."

Kalamu ya afisa ilikimbia. "Halafu?"

Kaka alivitazama viganja vyake, vyeusi kwa risasi ya kuchomelea.

"Baba, fundi alipokataa, nini kilifuata?" afisa alimuuliza.

"Tulicheka."

"Mlicheka?"

"Mtu mmoja alimtania, wote wakacheka. Hata mzee alicheka. Baada ya hapo Taratibu hakusema tena. Mtu akichekwa mbele ya wenzake, atasema nini? Alikipokea kile chuma kwa mkono wake, akakining'iniza mwenyewe, akabaki kulilinda boila. Alikataa hata kwenda kula."

"Nani alimtania?"

Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa akifagia ukumbi.

"Mimi," Kaka alisema.

Nimeandika hapo juu kwamba nilikuwa chumba cha kukatia. Hivyo ndivyo nilivyosema siku ya ajali, nikarudia wiki iliyofuata, nikarudia kwenye mikutano, mpaka nikawa nazikumbuka hata nyaya za kukatia zilivyokuwa zinalia saa ile. Kumbukumbu yangu ndefu, watu wanaisifu, ina kiraka pale, na nimekishona kwa mkono wangu. Chumba cha kukatia kilikuwa hakina kazi siku hiyo, sabuni hazijaiva. Nilikwenda chumba cha boila kulalamika kwamba masufuria ni baridi. Ndiyo, mimi, mtetezi wa wanyonge, nilikwenda kuharakisha kazi ya tajiri. Nilimkuta Mzee Saa akiuliza. Nilisema sawa kabla ya wote.

Na sasa Kaka amesema "mimi". Nililijua neno hilo. Chupa ya taa ya baba ilipovunjika alisema mimi. Mbuzi wa jirani alipopotea alisema mimi. Mgongo wake una alama za makosa yangu, na mimi miaka yote nikaziita alama za uoga. Huyu mtu hakuwa amemnyamazia Mzee Saa. Alikuwa amenyamaza kwa ajili yangu, kwa sababu habari ya Taratibu haisimuliki bila mimi.

Nikakumbuka pia alivyoniuliza barazani kama nina hakika. Ningeweza kukaa. Ninamjua kaka yangu, angeusaini ule uongo, akaenda kuziba majiko yake, na jina la Taratibu lingesafishwa vilevile. Binti angepata alichokitaka. Hakuna ambaye angejua.

Nilisimama.

"Afisa, futa hapo. Si yeye."

"Nilikuambia unyamaze, mzee."

"Kaa chini, mdogo wangu," Kaka akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Mimi ndiye niliyemtania. Nilikuwemo. Watu watano, si wanne."

Mzee Saa aligeuza shingo polepole akanitazama. "Ah, Kengele," alisema. "Ni kweli. Ulituchekesha sana."

Hakukusudia kunichoma. Hilo ndilo lililochoma.

Sikuweza kumtazama Kaka. Nilimtazama binti. Nilitegemea alie, au anitukane, na nilikuwa tayari kwa yote mawili, maana kwa kelele nina uzoefu. Yeye alikaa wima, mikono mapajani, kama baba yake alivyokuwa akikaa akisubiri presha ipande.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza.

"Mwanangu, ni maneno ya kipuuzi. Ya nini kuyarudia? Andikeni kwamba fundi alikataa, andikeni kwamba mimi nilimdhihaki, inatosha."

"Haitoshi. Ile karatasi itasomwa kwenye benchi. Wanaoingia ni vijana, wanafundishwa wasiwe kama baba. Waambiwe alisema nini. Na waambiwe aliambiwa nini, ili siku mmoja wao akiambiwa vile, ajue."

Afisa alifungua ukurasa mpya. Aliniuliza jina langu kamili, nikampa. Aliniuliza kazi yangu ya wakati ule, nikampa. Kisha akangoja.

Nimehutubia mbele ya mageti, juu ya mapipa, kwenye mvua. Sijawahi kukosa sauti. Mle ndani nilianza mara tatu, na mara zote afisa aliniambia hasikii.

"Nilisema," nikasema, "'Taratibu, kama mvuke unakutisha, acha boila, kachemshe chai. Birika halijaua mtu.'"

"Rudia," afisa alisema, "taratibu, niandike yote."

Nikarudia, neno moja moja, naye akaandika.