Flekka Alipopanda Pikipiki

Steinunn alikuwa anaitaka kofia. Kofia yenyewe haikuwa na uzuri wowote: sufu ya kahawia iliyoliwa na nondo, inanuka ugoro wa mjomba wake Ketill. Lakini anayeivaa ndiye mfalme wa mlima. Yeye ndiye anayewaongoza wakulima wa bonde lote kila vuli, wanapopanda kuwakusanya kondoo walioachwa kujilisha huko juu kiangazi kizima, na neno lake mlimani halijibiwi, hata na kasisi. Sasa goti la Ketill lilikuwa limemgomea. Mwaka huu lazima aivue.

Mwingine aliyeimezea mate ni Brynjar, mtoto wa Ketill. Tangu Steinunn alipojinunulia pikipiki ya magurudumu manne, Brynjar hakumwacha apumue.

"Dada, mashine yako ya kukatia nyasi imeamkaje leo?"

"Salama. Haijanya mlangoni kama huyo farasi wako."

Mwaka huo theluji ikaja mapema, kwa fujo, kana kwamba imealikwa. Asubuhi, kwenye kibanda cha mlimani walikolala wakusanyaji, ikaonekana kuna kikundi cha kondoo hakijashuka. Walikuwa wamebaki kwenye korongo la juu, na Flekka yumo, yule jike mwenye madoadoa wa Steinunn. Ketill akavuta ugoro, akapiga chafya, akatamka, "Atakayewaleta, kofia yake."

Brynjar akaruka juu ya farasi huku anapiga mluzi. Kahawa haijapoa, karudi. Theluji ilikuwa imemfika farasi tumboni.

"Farasi kakataa," alisema.

"Farasi ana akili, basi," Steinunn akamjibu, akamalizia kufunga minyororo ya kuzuia utelezi kwenye magurudumu.

Ee, raha iliyoje! Pikipiki ilikata theluji na kuirusha pande zote mbili, na Steinunn, mama mzima wa miaka hamsini na kitu, akapiga vigelegele kwa kuwa hakuna wa kumwona. Akilini alikuwa ameshavaa kofia. Alijiona anaingia kibandani, yeye mbele, kondoo nyuma, Brynjar kanuna.

Akawakuta korongoni wamejibanza, Flekka kasimama mbele yao kama mwenye nyumba. Ukungu ulikuwa unashuka na theluji imeanza tena. Steinunn akamwonea huruma Flekka. Akamnyanyua kwa kuhema, akamfunga kamba kwenye kibebeo cha nyuma. "Wewe panda, bibi. Wenzako watatufuata."

Akaondoka. Kugeuka, hakuna kondoo hata mmoja nyuma yake. Akarudi, akawafokea, akaondoka tena. Wakapiga hatua mbili tatu, wakasimama, wakamkodolea macho Flekka, aliyekuwa amekaa pale juu anacheua kama bibi harusi kwenye gari la kukodi.

Hapo ndipo Steinunn aliposhikwa na aibu. Amefuga kondoo maisha yake yote, na Flekka ni wa ile mbegu ya kondoo viongozi, wanaozaliwa na njia ya nyumbani kichwani. Naye kamfanya mzigo!

Akamfungua. Flekka akajikung'uta, akashika njia, na wenzake wakapanga mstari nyuma yake. Mkiani kabisa ikafuata pikipiki, gia ya kwanza, inakohoa. Alama za magurudumu zilikuwa zimeshafukiwa. Kwenye jiwe kubwa Steinunn aliapa njia ni ya kulia. Flekka akaenda kushoto. Steinunn akauma meno, akafuata. Ukungu ulipopasuka kidogo, aliona kule kulia hakuna kitu, ni poromoko tupu.

Walipofika kibandani, watu wote walikuwa nje.

"Nani alikuwa mbele?" Ketill akauliza.

Steinunn aliitazama kofia. Angeweza kusema uongo, na kondoo wasingemsuta.

"Flekka."

"Na wewe?"

"Mkiani, mjomba. Nimenusa matako ya kondoo njia nzima."

Watu wakaangua kicheko. Brynjar, juu ya farasi wake, akashika mbavu. "Basi mvike Flekka, baba!"

Ketill akamvika kweli. Flekka akatikisa kichwa, kofia ikaanguka kwenye theluji, akakojoa kando yake kidogo tu. Mzee akaiokota, akamsogelea Steinunn akichechemea, akamnong'oneza:

"Mwaka wa ukungu mkubwa, ule walionitungia wimbo, unadhani mimi niliijua njia? Nilimfuata bibi yake huyu. Na mfalme aliyenivisha naye alikuwa na kondoo wake wa kumfuata."

Mzee akamshindilia kofia hadi kwenye masikio.

"Amekwambia nini?" Brynjar akauliza.

"Mambo ya kifalme," alisema Steinunn. "Haya, shuka kwenye farasi, ukawamwagie kondoo nyasi. Anza na Flekka."

Brynjar akafungua mdomo, akakumbuka yuko mlimani, akaufunga.