Puti Juu ya Kutu

Jana usiku, siku ya nne tangu nikatwe nusu ya ini, niliota nimerudi gerejini kwangu, na mteja wa kwanza ni ini lenyewe.

Linaingia kwa miguu, dogo, limesinyaa, limevaa ovaroli yangu. Salamu hakuna.

"Fundi Mhando, daktari kasema nikue upya. Nipe bati."

Nampa. Linapima, linakata, linachomelea. Kazi safi kabisa, haki ya Mungu. Lakini kila bati likishashika linaota kutu papo hapo na kudondoka. Linaokota jingine, linaanza tena.

Mara gereji ni chumba cha upasuaji. Daktari kafunga bomba la damu ili akate vizuri. Sasa analifungua, na hewa inaingia na damu kwa fujo, inauma kila inachokigusa.

"We hewa! Si ndiyo wewe ninayekuvuta kila siku?"

"Ndiyo mimi," inajibu huku inatafuna. "Ila humu ndani huwa kuna walinzi wa kunituliza. Leo siwaoni."

"Waliisha," linasema ini. "Huyu bwana aliwamaliza kwa gongo."

"Niliacha mwaka jana," nasema upesi. Aibu gani hii! Hata ndotoni nadanganya.

Ini linaweka bati chini.

"Hivyohivyo ndivyo ulivyomwambia daktari. Akadhani nimepumzika mwaka mzima, akanikata sana. Kumbe Jumapili, siku moja kabla ya kulazwa, ulikunywa. Wewe ni fundi bodi miaka thelathini. Gari likija na kutu, unapaka puti juu yake kuificha?"

Nimewahi kumfukuza fundi kwa kosa hilohilo, tena mbele ya wateja. Nikalia.

"Sasa utakua kweli?" nikauliza.

"Sijui. Daktari ananitibu kama ini lenye afya. Akijua nilivyo, huenda nikapona." Likanipa msasa. "Sugua hadi bati lionekane."

Basi nasugua kwa mikono miwili, nikisema yote: chupa, Jumapili, uongo. Vumbi jekundu linajaa kwenye kucha.

Nikaamka. Mke wangu, Eliwaza, ameketi kando ya kitanda cha wodi, ananifuta vidole kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kimekuwa chekundu.

"Baba Namsifu, kutu hii umeitoa wapi? Siku nne hujashuka kitandani."

Nikazitazama kucha zangu.

"Niitie daktari," nikasema. "Na wewe akija usiondoke. Nilimdanganya. Jumapili ile kabla ya kuja huku nilikunywa."

Mkono wake ukasimama.

"Jumapili ipi? Ile niliyofunga kutwa nzima kwa ajili yako?"

"Hiyohiyo, Mama Namsifu."

Alimaliza kunifuta kidole alichokuwa amekishika, akainuka kwenda kumwita daktari.