Mtukufu Taliaoa Aomba Ada

Kabla sijaeleza yaliyotokea kwenye dirisha la misaada pale chuoni, yafaa msomaji afahamu kwamba Mtukufu Taliaoa, mkuu wa ukoo wetu na wa kijiji chetu, alikuwa hajawahi kuomba kitu. Simaanishi kwamba alikuwa na kila kitu. Namaanisha kwamba hakuomba. Mezani, chumvi ilimjia. Kanisani, feni iligeuzwa upande wake bila yeye kuitupia jicho. Akitaka jambo kubwa, kama vile mchumba kwa mpwa wake au amani na kijiji cha jirani, alimtazama baba yangu, na baba yangu akasema.

Hiyo ndiyo kazi ya baba yangu, Fuatavai. Wakuu wetu wana wasemaji, na msemaji wa Taliaoa ni yeye, kama babu yake alivyomsemea Taliaoa wa enzi hizo. Ana fimbo inayomzidi urefu, ana usinga wa nyuzi za nazi anaoutupa begani, na ana pumzi. Nimewahi kumwona akishukuru kwa ajili ya nguruwe wa kuchoma hadi nguruwe akapoa. Nilipokuwa shule ya bweni kwa masista kule Apia, nchi ya jirani, nilikuwa nikiigiza hotuba zake bwenini kwa malipo ya biskuti, mpaka usiku Sista Mkuu alipokuja kusikiliza bila kulipa.

Taliaoa alikuwa fundi kwenye kiwanda cha samaki tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana zikaja mashine mpya, na kazi yake ikaisha. Binti yake aliye California akapiga simu: Baba, njoo, ghalani kwetu wanatafuta watu, tiketi nimeshakata. Kijiji kizima kilijua habari za tiketi hiyo, na kijiji kizima kilijifanya hakijui. Lakini karakana ya meli pale bandarini ilikuwa inatafuta wachomeleaji wenye cheti, na chuo kilikuwa kinafundisha uchomeleaji. Akipata cheti, angebaki. Akikosa, angekwenda ng'ambo kupanga maboksi, na kwenye nyumba ya mikutano, ambamo kila mkuu ana nguzo yake ya kukalia, nguzo yake ingebaki bila mgongo wa kuiegemea.

Fomu ya msaada tuliijaza kwenye kompyuta, mimi nikiwa karani kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa. Serikali ya Marekani, ambayo kisiwa chetu kiko chini yake, ikajibu kwamba imemwona Taliaoa, na imemwona ana uwezo. Fomu ile, kama huijui, haina haja ya kujua mwaka huu unakula nini. Inataka kujua mwaka juzi ulilipwa kiasi gani. Na mwaka juzi Taliaoa alikuwa na mshahara. Msaada aliopangiwa ungetosha kununua miwani ya kuchomelea, labda ya jicho moja. Chini ya jibu paliandikwa kwamba mwombaji ambaye hali yake imebadilika afike dirishani, aeleze, kabla usajili haujafungwa siku ya Ijumaa.

"Aeleze?" Baba aliuliza, macho yakimng'aa. "Wameandika aeleze? Sieni, nitolee fimbo."

"Baba, ile ni ofisi. Kuna namba za foleni na kiyoyozi."

"Na fimbo nayo ina haki ya kupigwa na kiyoyozi. Itoe."

Basi Ijumaa asubuhi tukaenda na pikapu, Baba akiendesha, Taliaoa kando yake na bahasha ya kaki magotini, mimi nyuma pamoja na fimbo. Taliaoa ni mkubwa kwa cheo na kwa mizani. Alikuwa amevaa shuka la kiunoni, lavalava nyeusi ya Jumapili, na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Hakusema neno njia nzima. Sikushangaa, kwa sababu maneno yake yote yalikuwa kwenye usukani.

Chumba cha kusubiria kilijaa. Mbele palikuwa na dirisha la kioo lenye tundu la kuongelea, ambalo fundi wake alilikata usawa wa kifua cha mtu wa kawaida. Nyuma ya kioo, juu ya stuli ndefu, aliketi Bi Meripa, mama mfupi mwenye kishungi cha nywele utosini, ambaye sifa yake imeenea kisiwa kizima kwa maneno matatu: "Faili lako halijakamilika."

Tuliketi kwenye viti vya plastiki. Kando yangu alikuwepo kijana mfupi anaitwa Iosua, mwenye ndala na vipokea sauti masikioni. Aliitazama ile fimbo, kisha akanitazama mimi.

"Pole, dada. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Tumefuata ada."

"Ada na fimbo?" Kisha akamwona Taliaoa, akavivua vipokea sauti haraka kama yuko kanisani. "Lo! Na mimi nimekuja na barua ya mama tu."

"Huyo mwenye fimbo ni baba yangu. Akianza, atafika mpaka kwa Nuhu."

"Acha uongo. Hapa ofisini?"

"Tuwekeane dau la maandazi, panikeke mbili."

"Tatu," alisema Iosua, maskini.

Namba yetu ikaitwa. Baba akasimama. Sasa, hotuba ya fimbo ni ya uwanjani, chini ya mbingu, na Baba aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Aliitazama dari kwa muda. Halafu upepo wa kiyoyozi ukampiga usoni, na nadhani akaamua kwamba unatosha kuihesabu ofisi kuwa uwanja. Akaisimika fimbo kwenye vigae, akautupa usinga bega la kushoto, ukarudi bega la kulia, akaanza.

Aliisalimu milima. Aliisalimu bandari na kina chake. Alimsalimu mkuu wa chuo, mke wa mkuu wa chuo, idara ya uuguzi, idara ya kilimo, na idara nyingine kwa ukubwa wa majengo yao. Aliisalimu mashine ya kutoa nakala, ambayo kwa heshima ilinyamaza. Bi Meripa alikuwa akionyesha sikio lake kwa kidole.

"Mzee wangu, huku sisikii kitu! Sogea tunduni!"

Baba akasogea hatua moja tu, kwa kuwa hotuba ya kusemewa tunduni si hotuba, na kwenye hatua hiyo hiyo gharika ikaanza kunyesha na Nuhu akapanda safina. Nilimnyooshea Iosua kiganja bila kumtazama.

Bi Meripa alisubiri kwa adabu mpaka Baba alipovuta pumzi, nafasi ambayo haitokei mara nyingi.

"Mzee Fuatavai, hotuba ni tamu. Marehemu baba yangu angelia. Ila niambie, mwombaji ni wewe?"

"Mimi ni kinywa chake."

"Hilo nalijua. Lakini hapa," akaigonga karatasi, "anatakiwa aeleze mwombaji mwenyewe. Yeye anasema, mimi naandika, yeye anatia sahihi. Nikiandika maneno yako wewe, itabidi darasani uende wewe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajuta.

"Mama," Baba alisema kwa sauti ya chini, "yeye hasemi."

"Ni bubu?"

"Ni Mtukufu!"

"Sasa mzee wangu, mimi nifanyeje? Hii sheria hawakuitunga kijijini." Hakuwa akidhihaki. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. "Saa kumi usajili unafungwa, na darasa la uchomeleaji limebaki na kiti kimoja. Sitaki afungiwe nje. Nisaidieni nimsaidie."

Baba akageuka. Uso wa baba yangu nimeuona ukishindwa kwa mambo mengi, yakiwemo mambo yangu, na kila mara huwa na neno la kujifunikia. Safari hii haukuwa na kitu. Alikwenda mpaka mbele ya Taliaoa akainama.

"Mtukufu, turudi nyumbani. Hili halikufai. Tutatafuta njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa ndege. Tulijua sote watatu.

Taliaoa akainuka. Kiti cha plastiki kikainuka naye kidogo, kisha kikabadili mawazo. Akatembea hadi dirishani, akaweka bahasha kwenye kibao, akalitazama lile tundu. Kwake lilikuwa usawa wa kitovu. Alilitazama kama mtu anavyotazama mlango ambao hakujua kwamba upo katika nyumba yake. Halafu akainama.

Nimekuwa chini ya mtu huyu maisha yangu yote, na sikuwahi kuona utosi wake. Una kipara, mviringo mdogo wa ukubwa wa biskuti. Siku nyingine yoyote ningeipeleka habari hiyo bwenini na kula kwayo muhula mzima.

Nyuma yangu nikasikia miguu ya viti ikikwaruza. Iosua alikuwa ameteleza kutoka kitini hadi sakafuni, amekunja miguu. Kisha mama mmoja na mtoto wake mchanga. Kisha wasichana wawili wa uuguzi na sare zao nyeupe. Kisha wote. Hakuna aliyeamuru. Lakini ungekaaje kitini, juu ya kichwa cha mkuu, kikiwa pale chini? Nikashuka na mimi. Vigae vilikuwa baridi. Na nyuma ya kioo Bi Meripa akashuka kwenye stuli yake, na kwa ufupi wake akatoweka kabisa. Kikabaki kishungi cha nywele na ncha ya kalamu.

"Sema, Mtukufu," kishungi kilisema. "Naandika."

Nilitarajia radi. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo na ya kukwaruza, kama ya mashine iliyokaa muda bila kuwashwa.

"Jina langu ni Taliaoa. La ubatizo ni Elisaia."

Kijiji kizima hakuna kijana aliyelijua jina hilo.

"Nilikuwa fundi. Mashine za kufunga makopo. Kazi imekwisha. Mshahara sina. Mke wangu anashona, ndiyo tunakula." Kalamu ikamfikia, ikasubiri. "Binti yangu amenikatia tiketi. Ni mtoto mzuri. Sitaki kwenda."

Mtoto mchanga alianza kulia, mama yake akamtia ziwa mdomoni.

"Jumamosi watu wananiletea samaki. Wanadhani sijui kwamba kwao hawajajibakizia. Najua. Nikikataa nitawaaibisha, kwa hiyo nakula. Kila Jumamosi nakula." Mkono wake mkubwa ulikuwa umeushika ukingo wa kibao. "Kuna kijana alikuja kuchomelea lango la kanisa. Nikamshikia taa. Akaniambia, mzee, shika vizuri basi. Hakunijua. Nikashika vizuri. Nikaona jinsi chuma kinavyoyeyuka, kinashikana, kinakuwa kimoja. Nimekaa na vyuma miaka yote, sikuwahi kukiona kwa ndani. Nataka kujifunza."

Alivuta pumzi. Mgongo wa shati lake ulipanda na kushuka.

"Ninaomba," alisema.

Nimewahi kucheka mazishini. Nimewahi kucheka kwenye zoezi la tetemeko la ardhi, nikiwa chini ya meza moja na Sista Mkuu. Pale sikucheka. Niliikumbatia fimbo ya Baba, ambayo sikumbuki alinipa saa ngapi.

Kalamu ilikwenda, ikasita.

"Hilo neno la mwisho, Mtukufu," Bi Meripa aliuliza kutoka huko chini. "Niliandike hivyo hivyo?"

"Liandike."

Alimsomea yote, taratibu, na maneno yakawa makubwa zaidi kwa kusomwa. Taliaoa akatia sahihi. Bi Meripa akaomba radhi, akapanda stuli yake, akatoa kwenye bahasha barua ya kiwanda ya kuachishwa kazi na hesabu ya ushonaji ya mke wa Taliaoa, akaanza kugonga vitufe. Kompyuta ikafikiri. Sote pale sakafuni tukafikiri nayo. Taliaoa hakujinyoosha. Alibaki ameinama vilevile, kana kwamba mgongo huo amekwisha kuutoa na hadai urudishwe.

"Mambo haya mwenye kuyaamua ni mimi," Bi Meripa alisema hatimaye, "na nimeamua. Ada yote. Buti, glavu, barakoa ya kuchomelea, na hela ya petroli itabaki. Kiti ni chako. Mnaanza Jumatatu saa moja na nusu asubuhi." Akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Na usichelewe. Mwalimu wenu hana mchezo."

Kumwambia Taliaoa asichelewe! Kijijini jua lenyewe humsubiri.

"Sawa, mama," alisema Taliaoa.

Ndipo akajinyoosha, akageuka, akamtazama baba yangu kwa lile tazamo lake la siku zote. Kushukuru ni kazi ya msemaji. Baba akasimama, nikampa fimbo. Chumba kizima kikamngoja, hakuna aliyekuwa amerudi kitini.

"Panikeke nne," Iosua alininong'oneza. "Anarudi kwa Nuhu."

Safari hii sikumnyooshea kiganja.

Baba akafumbua kinywa. Hewa ikaingia, nyingi, ile ya kutosha milima na bandari. Akakifumba. Akafumbua tena. Nilimwogopea kama unavyomwogopea mtu aliye juu ya paa. Akailaza fimbo sakafuni, polepole, akaenda dirishani, akainama mpaka tunduni pale pale alipoinama mkuu wake.

"Asante, mama," alisema.

Ikawa ndiyo hotuba yote. Bi Meripa aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Taliaoa akaweka mkono begani kwa Baba, wakatoka nje wawili hao, mimi nikaiokota fimbo.

Nikiwa mlangoni nilisikia namba inayofuata ikiitwa. Ilikuwa ya Iosua. Ilimchukua muda kuinuka. Aliishika barua ya mama yake kwa mikono miwili, akaenda, akainama kwenye lile tundu, ingawa kwa kimo chake hakuhitaji kuinama hata kidogo.