Matundu Yanayotazama Mjini

Kasri letu lina jambo moja ambalo wageni hawalioni mpaka uwaoneshe: matundu ya kurushia mishale hayatazami nje, kule alikotokea adui. Yanatazama mjini. Mfalme aliyelijenga humu ndani ya ngome ya mji alikuwa akijihami dhidi ya watu wake mwenyewe, na mtu akishalijua hilo hana haja ya hotuba ndefu.

Mimi natembeza wageni katika magofu haya, na ni mjukuu wa vitukuu vya Bawabu. Nasema mapema asije mtu akadhani namficha. Bawabu ndiye aliyemfungulia adui lango mji ulipozingirwa, karne nyingi zilizopita, na tangu hapo ukoo wetu unaitwa Wafungua. Ukipotelewa na mbuzi mjini humu, utaulizwa kwanza kama hakupita Mfungua karibu na zizi. Shangazi yangu alipoolewa, wakwe walimwambia kwa kicheko kwamba mlango wa nyumba wataufunga wenyewe. Alicheka nao. Akisimulia leo hacheki.

Aliyenionesha yale matundu ni Meneja wa magofu haya mwenyewe, enzi hizo mtafiti mwembamba, vumbi hadi kwenye kope. Alinishusha kwenye hodhi, lile shimo kubwa la maji chini ya ukumbi wa mfalme.

"Mji unakufa kwa kiu, humu maji yamejaa," aliniambia. "Watumishi waliyateka, wakayamimina kwenye mfereji huu yachuruzike hadi bwawa la uani, eti mfalme apate usingizi kwa mlio wake. Na wenye kiu wako nje ya ukuta wa kasri, wanasikia." Kisha akaongeza, "Babu yako alisikia, akafungua lango."

Nililia. Sikuwahi kumsikia mtu asiye wa kwetu akimtaja babu yule bila kukunja uso.

Sasa Meneja ana kitambi na ofisi yenye feni, na wageni wamepungua. Juzi alituita kutuonesha sanamu ya mbao: mzee kibyongo, meno nje, mfuko wa dhahabu mkononi. Itasimama langoni. Miguuni pake kutawekwa kikapu cha kokoto zilizobaki kwenye ukarabati, na kila mgeni atampiga msaliti huku akipigwa picha.

"Meneja, huyu ni nani?"

"Usianze, dada yangu. Ni mchezo tu. Watu wanapenda msaliti. Shimo la maji linamfurahisha nani?"

"Hiyo dhahabu aliipata wapi? Adui alimuua palepale langoni. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua nilichokufundisha." Hakunitazama. "Utasema, 'Hapa ndipo Bawabu alipouza mji.' Basi. Kama huwezi, wanaoitaka kazi hii wamejaa tele."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Asiyejua ningemsamehe. Huyu alijua, akaamua kumshikisha babu yangu mfuko wa dhahabu.

Shangazi ndiye anayefagia ua wa kasri. Jioni nilimkuta anachambua mchele, nikamweleza.

"Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema.

"Busu wewe, Shangazi. Midomo yangu ina kazi nyingine."

"Kazi! Endelea na kiburi hicho uone kama utabaki nayo."

"Kwa hiyo watampiga mawe na wewe umesimama na ufagio wako?"

"Nitazifagia hizo kokoto. Nani mwingine atazifagia?" Akatupa chuya nje kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kuzindua sanamu, wageni walikuwa wengi kweli. Meneja aligawa kokoto kwa mikono yake, akitabasamu. Kisha akaniashiria nianze.

Nilikwenda nikasimama mbele ya sanamu, mgongo wangu ukagusa ule mfuko wa dhahabu.

"Hapa," nilisema, "ndipo Bawabu alipofungua lango. Msemaji ni mjukuu wake. Aliyeuza hupokea, naye alichopokea ni upanga. Anayetaka kumpiga, mimi ndiye mfupa wake ulio karibu. Rusheni."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Bwana mmoja mwenye kofia pana akarusha. Kokoto ilinipata juu ya jicho, na damu ikaanza kushuka. Kicheko kikakatika.

"Njoo huku!" Meneja alinong'ona kwa hasira. "Kazi imekwisha, unasikia? Nenda nyumbani!"

"Nimesikia. Subiri kwanza nimalize."

Jicho moja lilikuwa halioni vizuri, na wengine bado walikuwa wamekunja ngumi juu ya kokoto zao, hawajui wazirushe au waziache. Ndipo nikasikia kishindo cha ufagio ukitupwa chini. Shangazi alikuja akichechemea, akasimama bega kwa bega nami, akahema kidogo. Akaokota ile kokoto yenye damu yangu.

"Na mimi ni wake," aliwaambia. "Karibuni. Ila huyo wa mbao hukaa kimya. Mimi hurudisha."

Wa kwanza kutupa kokoto yake chini alikuwa yule bwana wa kofia. Zikafuata nyingine, moja moja, miguuni pao wenyewe. Meneja alibaki amekumbatia kikapu.

"Haya," niliwaambia, "hapa lango, mmeliona. Sasa twendeni kasrini, niwaoneshe maji yalikokuwa."

Walitufuata wote. Shangazi alitangulia, na zile kokoto hakuzifagia.