Ufahamu wa Bwana Shen

Lenah Nasambu alikuwa mwoga, na usimcheke. Mwaka ule wa 1987, mwalimu asiyeogopa hapa Kitale alikuwa ama mlevi ama mjinga, na Lenah hakuwa mlevi wala mjinga. Mwezi wa pili, Mukhisa wa historia, aliyekaa meza moja naye katika chumba cha walimu, alichukuliwa saa ya chai na wanaume wawili waliovaa makoti. Kisa ni karatasi. Karatasi moja ya Kiingereza ilipatikana ndani ya kitabu chake, moja ya zile zilizokuwa zikitupwa usiku njiani kuisema vibaya serikali, na Lenah aliisoma yote ikiwa imekunjuliwa mezani kwao. Miezi mitano baadaye, mke wa Mukhisa alikuwa bado anazunguka vituo vya polisi na chakula kwenye kikapu, na kila kituo kinamwambia mtu huyo hatumjui.

Basi Lenah akafunga domo lake. Alikuwa na watoto wawili kwa mama yake kule Misikhu, na mume, Jotham, aliyefundisha Bungoma na kuja wikendi. Akajiambia, mimi kazi yangu ni sarufi na ufahamu, siasa siijui hata kwa jina. Lakini ajali haina kinga, na ajali ya Lenah ilikuja imevaa miwani.

Ilikuwa inaitwa Bwana Shen. Alikuwa mpimaji wa kampuni ya Wachina waliojenga barabara upande wa mji wa Kwanza, mtu mwembamba, mpole, miaka kama arobaini. Mkubwa wake wa kambi, Bwana Gao, alikuwa amemwambia wazi: mwezi wa tisa utaenda Nairobi kufanya mtihani wa Kiingereza. Ukipita, unabaki kuwa mkalimani wetu. Ukianguka, unarudi kwenu. Na Shen alitaka kubaki kuliko kitu chochote duniani. Tangu mwisho wa mwaka uliotangulia, kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alibisha mlango wa Lenah na daftari kwapani.

Kwa bidii, huyo mtu humwezi. Neno jipya aliliandika mara ishirini. Aliyabandika maneno kwenye ndoo, kwenye kitanda, kwenye buti zake za kazi. Tena kwao, alisema, mwanafunzi hukariri ukurasa mzima, halafu alfajiri husimama nje na kuusema kwa sauti hadi ukae kichwani. Kwa hiyo kambi yote iliamka na Kiingereza cha Shen. Kipsang, mlinzi wa lango, mwanzoni alifikiri ni maombi. "Mchina wetu ameokoka, bana," akawaambia wenzake, nao wakamwamini wiki nzima.

Shida yake ilikuwa moja. Alikariri bila kuelewa. Angeweza kukumiminia ukurasa mzima wa kilimo cha mahindi, halafu ukimuuliza ni nini kilichopandwa, anatazama dari. Lenah akampa dawa. Kila wiki, akasema, tafuta ukurasa mmoja wa Kiingereza popote, kwenye gunia la mbolea, kwenye gazeti lililofungiwa nyama, popote. Unakili. Ukariri. Halafu jiulize maswali matano na uyajibu mwenyewe, nami nitasahihisha.

Popote. Neno hilo Lenah alikuja kulijutia mpaka basi.

Dawa ilifanya kazi, hiyo lazima tuiseme. Kufikia mwezi wa saba Shen alikuwa anaelewa, na si kuelewa kwa kubahatisha. Alhamisi moja alifungua daftari, akaweka kidole juu ya kazi ya wiki iliyopita, akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole: "Mwalimu, hapa mwandishi anasema 'wao wamekula nchi'. Hawa 'wao' ni akina nani?"

Lenah akainama kusoma.  Kufika mstari wa tatu akaijua. Ilikuwa ile karatasi. Ile ile ya Mukhisa, neno kwa neno, kwa mwandiko safi wa Shen. Na chini yake, kwa wino mwekundu: vizuri sana, tisa juu ya kumi, L.N.

Alikuwa amesahihisha mwenyewe. Alikuwa na insha arobaini na sita za kidato cha pili usiku huo, akapitisha macho kwenye maswali, akaona majibu yamenyooka, akatia tiki na sahihi. Hakusoma kifungu chenyewe. Mwalimu wa ufahamu mzima, jamani.

"Uliitoa wapi hii?" Lenah akauliza.

"Kwenye ua wa kambi. Upepo ulileta. Nilinakili, kisha nikaitupa shimoni."

Lenah alichana ukurasa ule na kuutia kwenye jiko la makaa, akaukoroga na kijiti hadi majivu yakawa unga. Kisha akafunga dirisha, akamweleza Shen habari za Mukhisa, kwa sauti ya chini, mpaka kwenye kikapu cha mkewe. Shen alisikiliza bila kupepesa.

"Mwalimu, najua mambo haya," alisema. "Baba yangu alikuwa mwalimu. Walikuja kumchukua kwa sababu ya kitabu."

"Umeisema hiyo karatasi asubuhi? Nje?"

Shen akafunga daftari, na Lenah akajua. Siku saba, alfajiri, kwa sauti ya kuamsha kambi. Daftari linaungua, lakini masikio ya watu utayachoma na nini?

Siku nne zilizofuata hakulala usingizi wa maana. Gari likipunguza mwendo barabarani, anasimama. Ijumaa Jotham alipofika kutoka Bungoma hakumwambia neno. Alimpakulia ugali, akamtazama akila, akawaza kwamba asiyejua hawezi kuulizwa. Jumapili kanisani aliimba huku anahesabu milango.

Jumatatu, katikati ya somo, akaitwa nje. Mwanaume mmoja alikuwa ameegemea Landrova, koti la kahawia, viatu vinang'aa. Akamsalimia kwa mkono, kwa adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Naitwa Wahome, madam. Hakuna shida. Tunaenda tu kusalimia mwanafunzi wako."

Ndani ya ofisi ya mabati kule kambini, Bwana Gao alikuwa ameketi, anavuta sigara. Shen alisimama mbele ya meza. Mlangoni alisimama Kipsang, macho chini. Maskini, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amejisifu tu sokoni Kwanza kwamba Mchina wao siku hizi anaongea Kiingereza kama redio, akawaonyesha kwa kutaja maneno mawili matatu aliyoyashika. Mdomo huponza kichwa, ila safari hii kichwa kilikuwa cha mwingine.

Wahome akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. "Bwana Shen. Soma hii."

Shen akasoma. Hakukwama popote.

"Umesoma vizuri sana," Wahome akasema. "Sasa niambie. Inasema nini?"

Hapo ndipo penyewe. Kasuku hafungwi. Lakini akielewa, swali linalofuata ni nani aliyemfundisha kuielewa, na jibu la swali hilo lilikuwa limesimama pale pale, likiwa na vumbi la chaki. Lenah akamwona Shen akinyoosha mabega, mikono ubavuni, kama alivyofanya kila alipokuwa na jibu kamili. Miezi minane alikuwa akimfundisha ili asimame hivyo.

"Hajui, afande," Lenah akasema.

Wote wakamgeukia.

"Hajui maana hata ya neno moja. Anakariri sauti tu, kama kasuku. Miezi minane nimejaribu, kichwa hakishiki. Hata ukimpa karatasi ya mbolea atakusomea hivyo hivyo."

Alisema kwa Kiingereza, ili Gao naye apate. Gao alishusha sigara. Wahome akamtazama Shen. "Ni kweli anavyosema mwalimu wako?"

 Mabega ya Shen yakashuka. "Mimi hapana jua," akajibu kwa Kiswahili, kile kibovu cha mwezi wake wa kwanza.

Wahome akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kweli. "Kwa hivyo kampuni inakulipa bure, madam. Basi andika hayo. Mara mbili. Moja yangu, moja ya mkubwa wake. Na yeye aweke sahihi."

Lenah akaandika, kwa Kiingereza.  Aliandika kwamba Bwana Shen hana uwezo wa kuelewa Kiingereza akisomacho, kwamba hajaonyesha maendeleo yoyote, na kwamba hafai kupelekwa kwenye mtihani. Gao akapokea nakala yake, akaisoma kwa shida, akafungua droo, akatoa orodha ya majina ya mtihani wa Nairobi na kulikata moja kwa mstari.

Nakala ya pili ikawekwa mbele ya Shen. Mtu asiyejua kusoma hutia sahihi na kumaliza. Lakini macho ya Shen yalikuwa yanatembea. Yalianza juu, yakaenda kushoto kulia, yakashuka, mstari baada ya mstari, na Lenah akamwomba Mungu Wahome asiyaone.

"Mbona anachelewa?" Wahome akauliza. "Anasoma?"

"Hapana, afande," Lenah akasema. "Anatazama tu."

Shen alifika mwisho wa mstari wa saba, ule wa mwisho. Akatia sahihi kwa herufi za kwao, akamrudishia Lenah kalamu kwa mikono miwili. Katika miezi minane, huo ulikuwa ufahamu wa kwanza aliousoma bila kumuuliza neno hata moja.